Kinachopotea Kati ya Faili na Kumbukumbu

Kuna vipande vya programu ambavyo havisifiwi na mtu. Kimojawapo ni kile cha Python kinachosoma skima ya jedwali kutoka faili la JSON na kuirudisha humo baada ya kuhaririwa. Kwa kawaida ni funsheni mbili fupi, moja ya kupakia na nyingine ya kuhifadhi, na zote mbili zinaenea kwenye kioo kimoja cha kompyuta. Aliyeziandika huzijaribu kwa faili moja, akaona zinafanya kazi, akazituma zihakikiwe. Hapo ndipo inapoanza kazi ninayoiheshimu kuliko nyingi katika uundaji wa programu: kazi ya mtu anayekaa na msimbo wa mwenzake na kuusoma kwa subira, mpaka aelewe utafanya nini siku ambayo mambo hayatakwenda sawa.

Skima ndiyo inayolieleza jedwali: lina safuwima zipi, kila moja inabeba aina gani ya data, ipi lazima ijazwe, ipi yaweza kuachwa wazi. Katika BigQuery ya Google, kila safuwima hupewa jina, aina na hali yake, iwe `NULLABLE`, `REQUIRED` au `REPEATED`, na maktaba yake ya Python ina `schema_from_json` na `schema_to_json` kwa ajili ya kazi hii hii. Table Schema ya mradi wa Frictionless Data huongeza masharti: kima cha chini, kima cha juu, mpangilio wa herufi unaokubalika. Skima ikikosewa, mara nyingi hakuna kitakacholalamika. Data mbovu itapokelewa kana kwamba ni njema.

Chukua namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, yenye tarakimu 20. Kwa jicho la haraka hiyo ni namba, na mtu anaweza kuipa aina ya `INTEGER`. Lakini `INTEGER` ya BigQuery ina biti 64 na inakomea 9,223,372,036,854,775,807, yaani tarakimu 19. JavaScript hupoteza usahihi mapema zaidi, ikishavuka 9,007,199,254,740,991. Namba ya simu inayoanza na 07 nayo, ikisomwa kama namba, hupoteza sifuri yake ya mbele. Vitu hivi ni maandishi yaliyoundwa kwa tarakimu. Hakuna anayevijumlisha wala kuvigawanya. Mahali pa kulisema hilo mara moja likaheshimiwa na programu zote ni kwenye skima. Ndiyo maana mistari michache inayoisoma na kuiandika inastahili macho makali kuliko urefu wake.

Mhakiki mzuri haanzi na mstari wa kwanza. Huanza na swali: nikipakia faili hili, kisha nikalihifadhi bila kugusa chochote, je, nitapata lile lile? Funsheni mbili zinazoonekana kujitegemea, kwake yeye ni ahadi moja, na anazisoma kwa zamu, huku na huku, kama fundi cherehani anayegeuza shati nje ndani kutazama mishono. Kila kilichopo upande wa kusoma anakitafuta upande wa kuandika. Kisipoonekana, hapo ana la kuuliza.

Mfano ninaoupenda ni wa kima cha chini. Msimbo wa kuhifadhi huruka masharti yasiyowekwa, ili faili lisijae `null` zisizo na kazi. Kwa hiyo mwandishi huandika `if sharti.minimum:` na chini yake mstari wa kuiongeza thamani hiyo kwenye faili. Unasomeka vizuri, hata kwa sauti. Lakini kwenye `if` ya Python, sifuri huhesabiwa kuwa uongo, sawa na maandishi matupu, orodha tupu na `None`. Safuwima ya bei iliyowekewa kima cha chini cha 0 itahifadhiwa bila kima chochote. Na sifuri ndicho kima cha chini cha kawaida kabisa: umri, bei, idadi ya magunia ghalani, vyote havishuki chini yake. Jaribio la mwandishi lilitumia 18, likapita. Sharti la sifuri litatoweka kimya kimya siku mtu atakapofungua skima kurekebisha neno moja kwenye maelezo, na baada ya hapo bei hasi zitaingia bila kuzuiwa.

Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenyewe nalo laweza kupotea bila habari, mstari mmoja baada ya mwingine, na kumgundua anayeyafuta maandishi hayo kunahitaji mtu anayejua lugha ya Python inaona nini inapoona sifuri. Dawa ni fupi: `is not None`. Uzuri wa kazi ya mhakiki haumo kwenye dawa. Umo kwenye kusimama mbele ya mstari unaosomeka vizuri na kuujaribu kwa thamani ambayo mwandishi hakuifikiria.

Kutoka hapo anaangalia kitendo chenyewe cha kuandika. `open` ikipewa `"w"`, hulifuta faili la zamani papo hapo, kabla ya herufi ya kwanza ya faili jipya kuandikwa. Kisha `json.dump` huandika kipande kwa kipande. Ikikutana na kitu isichokijua, tarehe au desimali ya aina ya `Decimal`, hutoa `TypeError` na kuacha nusu ya faili kwenye diski. Skima ya zamani imeshafutwa, mpya haijakamilika. Hatua ya kwanza ya kujikinga ni kugeuza kila kitu kuwa maandishi kwa `json.dumps` kabla ya kufungua faili, ili hitilafu ya aina hiyo itokee kabla diski haijaguswa.

Lakini mhakiki mwenye uzoefu haishii hapo, kwa sababu umeme unaweza kukatika katikati ya kuandika. Atapendekeza faili la muda liandikwe kwanza, lisukumwe mpaka kwenye diski kwa `flush` na `os.fsync`, kisha `os.replace` iliweke mahali pa lile la zamani kwa pigo moja. Kwenye Linux na jamaa zake, badiliko hilo halina katikati: anayesoma atakuta skima ya zamani nzima au mpya nzima. Ataongeza sharti dogo ambalo wengi hulisahau, kwamba faili la muda liwe kwenye folda ile ile ya faili halisi. Folda ya muda ya mfumo inaweza kuwa kwenye diski nyingine, na hapo `os.replace` itagoma.

Swali la herufi linafuata. Kiwango cha JSON cha mwaka 2017, RFC 8259, kinataka JSON inayopita kati ya mifumo iwe ya UTF-8. Hata hivyo, kwa miaka mingi Python imekuwa ikifungua mafaili kwa usimbaji wa kompyuta husika pale `encoding` isipotajwa. Tuseme maelezo ya safuwima yana neno ng’ombe, na alama ile ya juu imeandikwa kwa umbo lake lililopinda, kama programu nyingi za uandishi zinavyofanya zenyewe. Kwenye Windows yenye usimbaji wa cp1252, alama hiyo huandikwa kwa baiti moja. Faili likipelekwa kwenye seva ya Linux na kusomwa kama UTF-8, usomaji unakwama hapo hapo. Wengine hawalioni tatizo hili kwa sababu `json.dump` kwa chaguomsingi huigeuza alama hiyo kuwa `\u2019`, ambayo ni salama lakini humchosha binadamu anayesoma. Mhakiki ataomba vitu viwili kwa pamoja: `encoding="utf-8"` pande zote mbili, na `ensure_ascii=False` ili neno libaki neno.

JSON ina aina sita tu za thamani: maandishi, namba, kweli au uongo, utupu, orodha, na jozi za majina na thamani. Python ina nyingi zaidi, na zile zisizo na makazi ndani ya JSON ama hukataliwa ama hubadilishwa bila taarifa. `tuple` inakwenda na kurudi ikiwa orodha. Kamusi yenye funguo za namba inarudi na funguo za maandishi. `NaN` inaandikwa ingawa kiwango hakiitambui, mpaka mtu aweke `allow_nan=False`. Jina likijirudia ndani ya kitu kimoja, kama inavyoweza kutokea watu wawili wanapounganisha mabadiliko yao kwenye Git, Python huchukua la mwisho na kulitupa la kwanza bila neno. Anayezijua tabia hizi kwa moyo hasomi tena kwa kubahatisha; kila aina ya data inayopita mbele yake anajua itafika ikiwa na sura gani.

Kuna pia suala la mpangilio, ambalo linatenganisha mhakiki makini na mwenye pupa. Majina ndani ya kitu cha JSON hayana mpangilio wenye maana, hivyo `sort_keys=True` pamoja na `indent=2` ni heri: mabadiliko ya neno moja yataonekana kwenye Git kama mstari mmoja. Safuwima zenyewe ni orodha, na mpangilio wa orodha una maana. Faili la CSV lisilo na vichwa hutegemea kwamba safuwima ya tatu ni ya tatu. Mwandishi akizipanga safuwima kwa alfabeti ili faili lipendeze, tarehe ya kuzaliwa itasomwa mahali pa jina la kijiji. Mambo mawili yanayofanana kwa sura, moja jema na jingine la kuharibu, yametengwa na mstari mmoja wa msimbo.

Baada ya kuyaona yote haya, mhakiki ana kazi ya pili, nayo ni ya adabu. Mwaka 1976 Michael Fagan wa IBM alichapisha utaratibu wa ukaguzi wa msimbo kwa kikundi, wenye majukumu yaliyogawanywa, na akasisitiza kwamba kikao ni cha kutafuta makosa, kisigeuzwe kuwa cha kupima uwezo wa aliyeandika. Zana zimebadilika tangu hapo, busara hiyo haijachakaa. Maoni mazuri huja yakiwa na ushahidi: “Naomba kuuliza, kima cha chini kikiwa 0 kitahifadhiwa? Nimejaribu kwa safuwima ya bei, sikukiona kwenye faili.” Mwandishi hahitaji kujitetea. Anaendesha mfano ule, anaona kwa macho yake, anarekebisha. Maoni yanayosema tu kwamba msimbo ni mbovu humwacha na uchungu na bila pa kuanzia.

Mhakiki bora pia hujua cha kuacha. Angependelea jina jingine la funsheni, lakini lililopo linaeleweka, basi analiacha. Hadai mfumo wa matoleo kumi ya skima kwa mradi wenye majedwali mawili. Anachodai bila kulegea ni jaribio moja: skima yenye kila kitu kigumu ndani yake, sifuri, maelezo matupu, herufi zisizo za kawaida, safuwima zisizofuata alfabeti, na sifa moja ambayo toleo hili la programu haliijui. Ipakiwe, ihifadhiwe, ilinganishwe. Ile sifa isiyojulikana ina uzito wake, kwa kuwa programu ya zamani ikilifungua faili lililoandikwa na programu mpya, haina haki ya kufuta isichokielewa. Jaribio hilo litaendelea kuuliza lile swali la mwanzo la mhakiki kila msimbo utakapoguswa, hata yeye akiwa amehamia mradi mwingine.

Watu wengi huona uhakiki kama kizuizi kati ya kazi na kumaliza kazi. Mimi nauona kuwa sehemu ya uandishi wenyewe, na kwa msimbo unaobeba skima, sehemu isiyoweza kurukwa, maana makosa yake huonekana baadaye, kwenye majedwali ya watu wengine, yakiwa yamechanganyika na data halali. Mhakiki anapobonyeza kitufe cha kuidhinisha, jina lake linabaki kwenye kumbukumbu za mradi kando ya jina la mwandishi. Skima ikipoteza sharti mwakani, wataulizwa wote wawili, na yeye amekubali hilo kabla ya kubonyeza.