Wimbo wa Sayansi na Dagaa wa Mununga

Makala haya yanajadili swali ambalo walimu wengi wa lugha hujiuliza: je, mtoto anayeimba sayansi huwa ameielewa? Siku hizi video zinazofundisha watoto kwa nyimbo na katuni ni nyingi. Kwa upande wa Kiswahili mfano unaojulikana sana ni Ubongo Kids, kipindi kilichotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kurushwa katika televisheni mwaka 2014.

Kwanza tutaje sifa zake. Wahusika wa kipindi hiki ni watoto. Hukutana na tatizo, hulitatua kwa hisabati au sayansi, na wimbo hukusanya yale waliyojifunza. Mpangilio huo ni mzuri, kwa sababu haja ya neno hutangulia neno lenyewe. Aidha, istilahi za sayansi, ambazo TUKI ilizichapisha katika kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, zilikaa muda mrefu vitabuni. Wimbo unaweza kuzifikisha vinywani mwa watoto. Hilo ni jambo la kujivunia.

Hata hivyo, kuliimba neno si kulielewa. Tuliliona hilo Mununga, ng'ambo ya Zambia, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru. Shule za huko hutumia Kibemba na Kiingereza, lakini Kiswahili huvuka ziwa pamoja na wafanyabiashara wa Kongo, na watoto wa sokoni hukisikia. Tuliwachezea watoto wachache, kwa simu, wimbo wa Kiswahili kuhusu mzunguko wa maji. Baada ya kuusikia mara tatu waliimba "mvukizo" bila kukosea. Tulipowauliza mvukizo ni nini, wote walinyamaza.

Hatua chache tu kutoka pale walipokaa, dagaa wa ziwa hilo, ambao wenyeji huwaita chisense, walikuwa wameanikwa juani. Tukabadili swali: asubuhi dagaa hawa walikuwa wameloa, sasa wamekauka, maji yamekwenda wapi? Binti mmoja alijibu papo hapo, akichanganya Kibemba na Kiswahili cha Kongo, kwamba jua na upepo vimeyachukua yakapanda juu, ndiyo maana gunia la dagaa wakavu ni jepesi. Binti huyu aliijua sayansi. Alichokikosa ni daraja kati ya neno la wimbo na dagaa wa mama yake.

Hapa ndipo penye udhaifu wa nyimbo nyingi za aina hii. Video haiwezi kusimama imsubiri mtoto wala kuona kilichoanikwa mbele yake. Hata pale ambapo mtazamaji wa Ubongo Kids aliweza kujibu maswali kwa ujumbe mfupi wa simu, njia ambayo kwa hakika ilikuwa ya ubunifu, jibu lilikuwa la kuchagua, si la kueleza. Kuchagua jibu na kulieleza ni stadi mbili tofauti.

Pili, ipo hoja ya lugha yenyewe. Mkazo wa neno la Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Wimbo mmoja ukiimbwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili kwa tuni ileile, upo uwezekano wa tuni kuuhamisha mkazo huo. Wasomaji wetu wanajua kwamba kwa mkazo peke yake "barabara" ya kupita magari hutofautiana na "barabara" yenye maana ya sawasawa. Mtoto anayejifunza istilahi kwa mara ya kwanza hana njia ya kujua kwamba tuni imemdanganya. Watunzi waanze na neno, tuni ifuate.

Hatusemi nyimbo ziachwe. Tunapendekeza mwalimu afanye mambo matatu: aanze na kitu kilichopo mahali pale, kiwe dagaa, nguo iliyofuliwa au sufuria jikoni, acheze wimbo baada ya watoto kukizungumzia kwa lugha waliyo nayo, kisha azime sauti na kumtaka kila mtoto aeleze neno hilo bila kuliimba. Asiyeweza bado hajajifunza, hata kama sauti yake ni nzuri kuliko zote. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Sisi walimu tunalipwa ili tuiseme hiyo maana.