Tromboni si Mkosaji

Mtu akiugua homa hatulilaumu shati lake. Hata hivyo mwaka jana tuliwasikia wazee wenye busara wakiilaumu tromboni kwa kosa lisilo lake, nao walikuwa karibu kuiuza. Ndiyo sababu twaandika maneno haya. Vijiji vingine vya bonde hili la Kilombero vina bendi zao za tarumbeta, na huenda shauri kama lile likaletwa huko pia.

Ilikuwa sikukuu ya somo wa kigango kimoja ng'ambo ya mto, safari isiyo ndefu kutoka Ifakara. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, barabara imekauka, na watu walikuja wengi, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu. Baada ya Misa zilipiga bendi tatu, na kila bendi ilikuwa na tromboni moja. Majina ya vijiji hatutayataja, maana nia yetu si kumwaibisha mtu, bali kusema wazi tulichosikia.

Katika bendi ya kwanza mpiga tromboni alikuwa kijana mwenye pumzi nyingi. Sauti yake iliujaza uwanja, na watoto walimfuata nyuma. Lakini kati ya nota na nota alituburura. Wimbo uliposhuka so, fa, mi, re, hatukusikia nota nne. Tulisikia kilio kimoja kirefu, kama mtu atelezaye ukingoni mwa mto wakati wa masika. Mara ya kwanza watu walicheka kwa furaha. Mara ya kumi hawakucheka. Na wimbo wa taratibu ulipoanza, kilio kile kiliyafunika maneno ya kwaya hata tusijue waliomba nini.

Katika bendi ya pili mpigaji aliliogopa kosa hilo, akaangukia lingine. Kila nota aliikata kwa ulimi kama mtu apasuaye kuni. Mkono wake ulikwenda kwa kishindo, na ulipofika mbali kichwa nacho kiliufuata. Nota hazikuburutwa, ni kweli, bali wimbo ulivunjika vipande vipande, na waimbaji hawakujua wapumue wapi.

Katika bendi ya tatu alikuwako mzee mmoja mwenye tromboni iliyobonyea. Alipiga nota chache, tena polepole, lakini kila nota ilisimama mahali pake na kuipokea ile iliyotangulia. Bomba lilimkwamia mara mbili, naye akanyamaza kwa utulivu mpaka likalegea. Kwa hukumu yetu, huyo ndiye aliyepiga vizuri kuliko wote, ingawa chombo chake kilikuwa kibovu kuliko vyote. Msomaji na aliweke jambo hilo moyoni.

Bendi ya kwanza ni ya kijiji tunakofundisha. Tuliporudi nyumbani wazee wa bendi walikutana, na mmoja akasema, "Kitu hiki chalia kama ng'ombe aliyekwama matopeni. Kiuzwe, tununue kinanda cha umeme." Wengi waliitikia. Kijana mwenyewe alikuwapo, akainamisha kichwa. Ndipo tukaomba tupewe muda hadi Noeli kabla ya kukata shauri, nao wakatukubalia.

Sasa tueleze chombo chenyewe. Tarumbeta nyingine zina vitufe vya kubonyeza. Tromboni ya kawaida haina hata kimoja. Ina bomba linaloteleza kwenda nje na kurudi ndani, na mkono wa kulia ndio uamuao urefu wake. Bomba likirefuka, sauti hushuka. Mkono una vituo 7. Kituo cha 1 ni bomba likiwa limerudishwa ndani kabisa, na kila kituo kifuatacho hushusha sauti kwa nusu sauti. Bomba halina alama ya kumwonyesha mpigaji asimame wapi. Tena vituo havilingani: kutoka cha 1 hadi cha 2 ni kama sentimita 8, lakini kutoka cha 6 hadi cha 7 ni kama sentimita 11. Kadiri bomba linavyokuwa refu, ndivyo lihitajivyo kuongezwa zaidi ili sauti ishuke kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo anayeigawanya safari ya mkono sawasawa, kama agawaye shamba kwa kamba, hataipata sauti iliyo sawa.

Wala mkono peke yake hautoshi. Katika kila kituo midomo huweza kutoa sauti kadhaa, moja juu ya nyingine, kama vidato vya ngazi. Tukianza do katika kituo cha 1, nota nane za ngazi hupatikana hivi: do 1, re 6, mi 4, fa 3, so 1, la 4, ti 2, do 1. Tazameni jambo la ajabu: kutoka so kwenda la wimbo wapanda, lakini mkono watoka nje. Ni midomo iliyopanda kidato.

Hapa ndipo tunapoona asili ya makosa yote mawili tuliyoyasikia. Re, mi, fa na so zimo katika kidato kimoja. Mkono ukipita toka moja hadi nyingine huku pumzi ikienda, sauti zote zilizo katikati husikika, na hicho ndicho kile kilio. Ndivyo ilivyo pia kwa la, ti na do ya juu. Lakini kati ya do na re, na kati ya so na la, midomo hubadili kidato, na sauti hujikata yenyewe pasipo msaada wa ulimi. Basi yule kijana wa kwanza hakuutumia ulimi hata pale unapohitajiwa, na yule wa pili aliutumia kwa nguvu hata pale usipohitajiwa. Hakuna hata mmoja aliyejua wimbo unavuka kidato wapi.

Dawa yake ni ndogo kwa maneno, bali ni ndefu kwa mazoezi. Ulimi uguse kwa upole, kama mtu asemaye "da", si "ta". Na mkono usianze kwenda mapema. Ungoje hata nota iishe haki yake, ndipo uende upesi na kusimama pasipo kishindo. Anayeanza mapema huiibia nota ya kwanza ili ailipe ya pili.

Wenzetu Wandamba watatuelewa upesi. Mwenye mtumbwi hapigani na upondo wake. Huusukuma kwa wakati wake, kisha huuacha mtumbwi uteleze, na mto haukomi kwenda chini yake. Pumzi ya mpigaji ndiyo mto. Mkono ukihama, pumzi isikome. Ikikoma kila mara mkono unapohama, huo ndio wimbo uliovunjika wa bendi ya pili. Mkono wa kushoto ndio ubebe uzito wote wa chombo. Wa kulia ushike kwa kidole gumba na vidole viwili tu, na kifundo chake kiwe chepesi. Mkono wa kulia ukibeba uzito, hauwezi kwenda upesi bila kukitikisa kinywa.

Lipo na jambo la akili. Nota nyingine hupatikana katika vituo viwili. So ile tuliyoitaja i katika kituo cha 1, tena i katika cha 6. Basi wimbo ukienda re, so, re, ya nini kukimbia kutoka 6 hadi 1 na kurudi 6? Mkono na ukae, midomo ifanye kazi. Vivyo hivyo juu zaidi: re ya juu i katika 3, fa ya juu i katika 3, na mi iliyo kati yao i katika 1 na katika 4. Mwenye kuijua ya 4 hupita 3, 4, 3 kama mtu apitaye mlango wa jirani. Asiyeijua hukimbia hadi 1 na kurudi. Iko na safari isiyo na njia ya mkato: kutoka do ya chini hadi nusu sauti iliyo juu yake, mkono hutoka kituo cha 1 mpaka cha 7, bomba zima, sentimita zipatazo 57. Mtunzi wa nyimbo za bendi asiyelijua hilo humpa mpigaji mzigo, kisha humlaumu kwa kuchelewa.

Tusisahau utunzaji. Bomba la yule mzee lilikwama kwa kubonyea na kwa vumbi. Twawaona wengine wakitia mafuta ya nazi au grisi ya baiskeli. Siku ya kwanza bomba huenda vizuri; siku ya tatu mafuta yamekusanya vumbi na kuwa kama gundi. Lioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likaushwe kwa kitambaa laini, na lipakwe mafuta yake maalumu, kidogo tu. Likichukuliwa njiani kifungo chake kifungwe, na lisiegemezwe ukutani penye watoto na kuku.

Sasa lazima tuseme kosa letu wenyewe. Yule kijana ni sisi tuliomfundisha. Tulisimama mbele yake tukiita hesabu, "Nne! Tatu! Moja!", naye akautazama mkono wake. Tulimfundisha jicho, sikio tukaliacha. Mtu aliyefundishwa hivyo hujua mkono uko wapi, lakini hajui wimbo uko wapi. Kwa hiyo wazee walipoilaumu tromboni tulinyamaza kidogo, maana tuliona lawama inatutafuta sisi.

Wala mafundisho ya sikio si mageni kwa tarumbeta za kanisa. Johannes Kuhlo (1856–1941), mchungaji wa Kilutheri aliyefanya kazi Bethel katika Ujerumani, alikuwa mwalimu mkuu wa bendi za namna hiyo, naye alishikilia kwamba tarumbeta zipigwe kama kwaya iimbavyo. Misioni ya Bethel ilifanya kazi Usambara na Bukoba katika nchi yetu, na katika makanisa ya Kilutheri bendi za tarumbeta zingaliko mpaka leo. Wala mtu asidhani chombo hiki si cha Mwafrika. Jonas Gwangwa (1937–2021) wa Afrika Kusini alikuwa mpiga tromboni. Katika miaka ya uhamisho aliliongoza kundi la Amandla lililokwenda nchi nyingi kutangaza kilio cha watu wake, na muziki alioutunga pamoja na George Fenton kwa filamu ya Cry Freedom ya 1987 ulisikika duniani kote. Yeye naye aliweza kuifanya tromboni ilie, lakini ililia pale alipotaka. Kilio si kosa. Kosa ni kulia pasipo kukusudia.

Basi tulianza upya. Kila jioni, kabla ya wimbo wowote, kijana alipiga so katika kituo cha 1, kisha so ile ile katika cha 6, macho yamefumbwa. Sauti hizo mbili lazima ziwe moja. Ya 6 ikiwa juu, mkono umepungukiwa; ikiwa chini, umepita. Hatukumwambia kosa liko wapi, tulimwuliza. Majuma ya kwanza alijibu kwa kubahatisha. Baadaye alianza kukunja uso kabla hatujauliza, na hapo tulijua kwamba sikio limeamka. Kisha tulimwimbisha kila wimbo kwa kinywa, maneno yake yote, ndipo akaupiga.

Kabla ya Noeli alifariki bibi mmoja mzee wa kijiji, na bendi iliitwa mazishini. Walipiga polepole, kwaya ikiimba. Kijana alipiga sauti ya nne. So, fa, mi, re zilishuka nne, kila moja na mahali pake, na pumzi haikukatika. Tulipotoka makaburini, yule mzee aliyeita tromboni ng'ombe alitembea nasi kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, leo nimeyasikia maneno." Habari ya kuuza haikutajwa tena. Kinanda, kikipatikana, na kije. Nyumba moja huingia vyombo vingi.

Lakini sisi ni wakosoaji, na sifa isiyo kamili hatutaipamba. Kituo cha 6 kijana bado anapungukiwa kidogo akichoka, na re yake hupanda juu mwisho wa wimbo. Twamwambia, naye anajua. Na wazee wa vijiji vingine wanaofikiri kuuza tromboni yao, twawasihi wamwulize kwanza mpigaji swali moja: akifumba macho, aweza kusema kama mkono wake umefika? Akishindwa kujibu, wasimwite mnunuzi. Wamwite mwalimu wake, wamwulize alifundisha nini.