Uhakiki wa Mlinganyo wa Kupandisha Volteji katika Usanifu wa Mifumo ya Umeme-Jua

Kibadilishi cha kupandisha volteji huhifadhi nishati katika koili wakati swichi imewashwa, kisha huiachilia kuelekea kwenye mzigo kupitia diodi pindi swichi inapozimwa. Mlinganyo unaotangulizwa katika usanifu wake ni mwepesi: volteji ya kutoka ni volteji ya kuingia ikigawanywa kwa moja kutoa D, ambapo D ni sehemu ya kila mzunguko ambayo swichi huwa imewashwa. Kwa mlinganyo huo, D ikiwa 0.9, volti 18 za paneli huwa volti 180. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba mlinganyo huo, ukifanywa kigezo pekee cha ubora, humpotosha msanifu.

Kasoro yake ni kuchukulia kwamba koili haina ukinzani. Tuchukue koili yenye ukinzani wa omu 2 na mzigo wa omu 200, huku upotevu wa swichi na diodi ukipuuzwa. Ukinzani huo ukiingizwa katika hesabu, D ya 0.9 haitoi volti 180 bali 90. Mkondo wa ampea 4.5 hupita katika koili. Wati 81 huingia, na wati 40.5 tu ndizo zinazoufikia mzigo. Nusu iliyobaki hugeuka joto. Wala kuongeza D si tiba. D ikifika 0.95, volteji hushuka hadi 72, na hata hiyo huhitaji ampea 7.2, yaani karibu wati 130, ambazo paneli ya wati 80 haiwezi kuzitoa.

Yawezekana kujibu kwamba vibadilishi viwili viunganishwe kwa mfuatano, kila kimoja kipandishe volteji takriban mara 3.2, ili D ibaki karibu na 0.68. Jibu hilo lina mashiko. Hata hivyo, ufanisi wa hatua hizo huzidishwa: hatua mbili zenye ufanisi wa asilimia 90 kila moja huacha asilimia 81.

Hivyo basi, msanifu anapaswa kuonesha ukinzani wa koili alioupima, pamoja na ufanisi katika viwango mbalimbali vya mwanga wa jua, kabla ya kutaja kiasi cha volteji kilichopandishwa. Kwa kaya inayotegemea paneli moja, wati 40 zilizopotea ndizo taa na redio ya jioni hiyo.