Fundi wa Shokapu za Mbele

Pikipiki nyingi za barabarani, kuanzia Boxer ya bodaboda hadi Suzuki kubwa ya safari ndefu, zina ugonjwa unaojipinga wenyewe. Ukikamata breki ya mbele, pua inazama mpaka mikono inabeba kiwiliwili kizima. Gurudumu hilohilo likigonga ukingo mkali wa shimo, shokapu zilizozama kirahisi namna ile zinagoma, na pigo linapanda viganjani hadi mabegani. Dereva anayelalamika kwamba shokapu zake ni laini anasema kweli. Anayelalamika kwamba ni ngumu naye anasema kweli. Mara nyingi ni dereva mmoja, pikipiki moja, asubuhi moja. Fundi mwenye haraka atamuuliza anazitaka ziwe ngumu au laini. Fundi ninayemheshimu huuliza: ngumu wakati gani, na laini wakati gani?

Swali hilo ndilo mlango wa ufundi wenyewe. Ndani ya kila mguu wa shokapu mna vitu vitatu vinavyogawana kazi. Springi hubeba uzito, na inachojali ni umbali iliobonyezwa tu. Oili haibebi uzito wowote. Inachojali ni kasi ya mguu kupanda na kushuka. Hewa iliyofungiwa juu ya oili ni springi ya pili, ambayo mwanzoni mwa safari ya shokapu haionekani na mwishoni inakaza kwa ghafla. Juu ya hao watatu ongeza msuguano wa sili na bushi, ambao haumsaidii mtu. Kwa aliyekaa kitini, makosa ya wote wanne hufika mikononi yakiwa yamechanganyika. Kuyatenganisha, kujua ni yupi aliyekosa kabla ya kugusa spana, ndiko ninakokuvulia kofia.

Chanzo cha ule ugonjwa kiko kwenye oili. Tangu BMW ilipotoa R12 na R17 mwaka 1935 zikiwa na shokapu za mbele za mabomba zinazotulizwa kwa oili, wazo limebaki lilelile: bomba linaingia ndani ya bomba, na oili inalazimishwa kupita mahali pembamba. Kwenye pikipiki za bei nafuu mahali hapo ni matundu yaliyotobolewa kwenye fimbo yenye uwazi ndani, iliyosimama katikati ya mguu. Ni mpango rahisi kutengeneza na mgumu kuharibika, na ndiyo maana haujafa. Lakini tundu lina sheria yake, na sheria hiyo haina huruma. Nguvu ya kupitisha oili kwenye tundu hukua kwa mraba wa kasi. Kasi ikiwa mara mbili, upinzani unakuwa mara nne. Ikiwa mara tatu, unakuwa mara tisa. Unapofunga breki shokapu hushuka polepole, oili inapenya bila shida, pua inazama. Ukingo wa shimo huisukuma kwa kasi kubwa mno, oili haiwahi kupita, na kwa nukta hiyo mguu unakuwa kipande cha chuma. Kiwanda kinapochagua ukubwa wa tundu kinachagua tu ni wapi pa kukosea.

Hata hivyo fundi mzuri haanzi na oili. Anaanza na uzito, kwa sababu springi isiyomfaa mwenye pikipiki itasingizia kila kitu kingine. Anainua mbele hadi gurudumu liachane na ardhi, anapima sehemu ya bomba inayoonekana. Kisha mwenye pikipiki anapanda, na helmeti yake na begi lake la kila siku, maana uzito wa barabarani ndio unaopimwa. Msaidizi anashika mkia ili pikipiki isimame wima. Fundi anakandamiza mbele, anaachia ipande taratibu mpaka isimame yenyewe, anapima. Anainyanyua kidogo, anaachia ishuke taratibu, anapima tena. Vipimo viwili havilingani kamwe. Wastani wake ndio ukweli wa springi, na tofauti kati yake ndiyo msuguano. Mara ya kwanza nilipoelezwa hivyo nilikaa kimya kwa furaha: kwa futi kamba ya fundi seremala, mtu amewatenganisha washukiwa wawili bila kufungua bolti hata moja.

Kwa barabara za mjini, shokapu inayozama milimita 30 hadi 40 chini ya dereva iko mahali pake. Hapo gurudumu lina nafasi ya kupanda likikuta tuta na nafasi ya kushuka likikuta bonde. Likikosa nafasi ya pili linaelea hewani, na tairi inayoelea haina breki wala kona.

Hapa ndipo mazoea ya mtaani yanapohitaji kuangaliwa. Kariakoo, Grogan ya Nairobi, popote penye vibanda vya mafundi, dawa ya pua inayozama ni kuongeza wosha au kipande cha bomba la plastiki la maji juu ya springi. Kipande hicho chenyewe si kosa. Hata baadhi ya vifaa vya Marekani hutumia bomba kama hilo, likikatwa ncha zikawa sawasawa na kuwekewa wosha pana. Tatizo ni kuamini kwamba limeikaza springi. Chukua mbele inayobebeshwa kilo 70 na springi mbili, kila moja ikidai kilo 0.7 kwa kila milimita. Pamoja zinadai kilo 1.4, kwa hiyo zitabonyea milimita 50. Ukizikandamiza mapema kwa milimita 15 wakati wa kufunga kifuniko, pikipiki itazama 35 tu. Ukizikandamiza 30, itazama 20. Mkono ukiisukuma utasema imekaza. Lakini ikishaanza kutembea, kila milimita bado inagharimu kilo 1.4 zilezile. Ulichobadilisha ni kimo, na umelinyang'anya gurudumu nafasi ya kushuka.

Sasa weka springi za 0.9. Uzito uleule unazibonyeza karibu milimita 39, na mkandamizo wa milimita 4 unatosha kufika kwenye 35. Kimo ni kilekile, ila tabia ni nyingine. Breki ikihamishia mbele kilo 60 zaidi, springi za kwanza zinashuka milimita 43, hizi zinashuka 33. Sentimita moja nzima ya kuzama imeondoka, na oili haijaguswa.

Dereva wa bodaboda ana hesabu ngumu kuliko hii. Asubuhi yuko peke yake, saa moja baadaye amebeba abiria kwa mtindo wa mishikaki, jioni ana gunia la mkaa nyuma. Uzito huo hulalia mkia na unaweza kuipunguzia mbele mzigo, usukani ukawa mwepesi. Fundi anayemkazia mtu huyu mbele kupita kiasi, eti kwa sababu anabeba mizigo, hajatazama mzigo unakaa wapi.

Kazi ya mikono nayo ina uzuri wake. Kifuniko cha juu hufunguliwa kwa kukikandamiza na kiganja, maana chini yake springi inangoja kuruka. Bolti ya chini ikizunguka pamoja na fimbo ya ndani bila kufunguka, wengi hukata tamaa; fundi huchonga ncha ya mpini wa ufagio, anausukuma ndani ya bomba mpaka ung'ate kichwa cha fimbo, na bolti inatii. Wosha ya shaba ya bolti hiyo hubadilishwa kila mara. Kabla sili mpya haijavishwa, mdomo wa bomba hufunikwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki uliopakwa oili, ili ukingo wa chuma usiuchane ulimi wa sili. Vidoa vya kutu kwenye kromu husuguliwa kwa msasa laini na maji, kwa subira, kwani kidoa kimoja kinatosha kuila sili ndani ya muda mfupi.

Oili haipimwi kwa kumimina tu kiasi kilichoandikwa kitabuni. Springi ikiwa nje, mguu hupandishwa na kushushwa mpaka mapovu yaishe, kisha hubonyezwa hadi mwisho na kupimwa umbali kutoka mdomo wa bomba hadi uso wa oili. Fundi mmoja niliyekuwa nikimtazama alitumia bomba la sindano la hospitali lenye mrija uliokatwa kwa urefu kamili: anajaza oili kupita kiasi, anatumbukiza mrija, anavuta mpaka unyonye hewa. Miguu yote miwili inatoka sawa kabisa. Milimita 10 za hewa zikipungua hutazisikia kwenye barabara laini, ila shokapu iliyokuwa ikigonga mwisho kwenye tuta itaacha kugonga.

Unene wa oili ni mtego mwingine. Namba 10 ya kampuni moja inaweza kuwa nzito kuliko namba 15 ya nyingine, kwa hiyo mafundi makini husoma kipimo cha sentistoki kwenye nyuzi 40 badala ya namba kubwa ya mbele ya chupa. Na oili nzito inayowekwa kuzuia pua kuzama huleta madhara mawili: pigo la shimo linazidi, na shokapu inachelewa kurudi juu, hata mashimo yakifuatana inabaki imejikunyata.

Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua lilitoka California, kwa Paul Thede na kampuni yake ya Race Tech: vali ndogo iitwayo Gold Valve Cartridge Emulator. Waendeshaji wa Suzuki SV650, iliyoingia sokoni mwaka 1999 ikiwa na injini tamu na shokapu za matundu zenye springi laini, waliipenda sana. Matundu ya chini ya fimbo hupanuliwa na kuongezwa mpaka yasiweze kuzuia chochote, na vali hukaa juu ya fimbo, ikishikiliwa na springi kuu. Shokapu ikishuka polepole, oili inabanwa kwenye kijitundu, na pua haizami ovyo. Pigo kali likija, kibati kinachoshikiliwa na kispringi kinafunguka na kuiachia oili. Wakati wa kurudi juu, vali inajiweka kando na kuyaachia matundu madogo ya juu ya fimbo kazi yake ya zamani. Kwa hiyo oili sasa huchaguliwa kwa ajili ya kurudi tu, na vali hurekebishwa kwa ajili ya kushuka tu. Kazi mbili zilizokuwa zikigombania oili moja zimepewa kila moja mwamuzi wake.

Vali hiyo haina kitufe cha nje. Kuibadilisha kwa nusu mzunguko ni kufungua kifuniko, kutoa kipande cha bomba na springi, kuivua vali kwa waya uliokunjwa ncha, kuzungusha bolti yake, kisha kurudisha vyote na kwenda barabarani. Na gurudumu likisharudishwa, ekseli haikazwi hadi mwisho kabla ya kuibonyeza mbele mara kadhaa ili miguu ipate mkao wake, la sivyo msuguano uliofukuzwa kwa sili mpya unarudi kwa mlango wa bolti. Fundi anayejua kazi huenda na dereva kwenye matuta yaleyale, kwa mwendo uleule, akiwa amebadilisha kitu kimoja tu. Kisha anaandika: mizunguko mingapi, oili gani, milimita ngapi za hewa, kilo ngapi za dereva. Pikipiki ikirudi baada ya msimu wa mvua, anafungua daftari kabla ya kufungua shokapu.