Majimbo na Shirikisho: Maneno Mawili ya Dhana Moja

Miongoni mwa istilahi za siasa zilizoenea Afrika Mashariki wakati wa kupigania uhuru, ni chache zilizobeba uzito mkubwa na ufafanuzi mdogo kama neno majimbo. Neno hili limetumika nchini Kenya kwa zaidi ya miaka 60, limepanda majukwaani mara kwa mara katika mijadala ya katiba, na hata limeingia katika Kiingereza cha nchi hiyo na kuvishwa kiambishi cha kigeni likawa majimboism. Hata hivyo, wale walitumialo aghalabu hawaelewani juu ya kile linachokitaja. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba kutoelewana huko hakukutokana na siasa peke yake. Kwa kiasi fulani kulitokana na umbo la neno lenyewe, na nafasi lililopewa katika msamiati wa utawala.

Jimbo, katika matumizi yake yote yajulikanayo sana, ni sehemu ya nchi. Tanganyika ya wakati wa ukoloni iligawanywa katika majimbo, kama vile Jimbo la Ziwa, kabla neno mkoa halijashika nafasi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Siku hizi Mtanzania akisema jimbo, mara nyingi amaanisha eneo linalomchagua mbunge. Kanisa Katoliki huliita jimbo eneo lililo chini ya askofu. Wasemaji wa Kiswahili wa mashariki ya Kongo husema jimbo la Kivu Kaskazini, na watangazaji wa redio kote hutaja majimbo 50 ya Marekani, 36 ya Nigeria na 16 ya Ujerumani. Ni wazi kwamba jimbo la uchaguzi, jimbo la askofu na jimbo la Texas ni vitu vitatu visivyolingana hata kidogo kwa mamlaka. Neno lenyewe halisemi lolote juu ya mamlaka hayo. Linataja eneo na mpaka tu, na mengine yote huyapata katika muktadha.

Shirikisho ni neno la namna nyingine. Limetokana na kitenzi shiriki, kikanyambuliwa kuwa shirikisha, kisha kikapewa kiambishi tamati cha kuundia nomino. Kwa hiyo ndani yake mna tendo na mna watendaji. Alisikiaye neno hili hana budi kuuliza: nani anashirikiana na nani, katika jambo gani, na kila mmoja anabaki na nini mkononi? Alisikiaye neno jimbo huuliza maswali mengine: mpaka umepita wapi, na eneo hili ni la nani? Tofauti hii ya maswali ndiyo kiini cha jambo linalojadiliwa hapa.

Historia ya mwaka 1963 yaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Chama cha KADU, kikiongozwa na Ronald Ngala, kilihofia kwamba jamii ndogo zingemezwa na jamii kubwa zilizokiunga mkono chama cha KANU. Katika mkutano wa Lancaster House, London, mwaka 1962, chama hicho kilidai mamlaka yagawanywe. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 1963 ikaweka maeneo 7 yenye mabaraza yake yenyewe, mbali na eneo la Nairobi, pamoja na Seneti ya kuyalinda. Yafaa ikumbukwe kwamba katiba hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Majimbo lilikuwa neno la jukwaani wala halikuwa neno la sheria. Siku nne baadaye, tarehe 5 Juni, Jomo Kenyatta, Julius Nyerere na Milton Obote walitangaza mjini Nairobi nia yao ya kuunda Shirikisho la Afrika Mashariki. Kwa mtaalamu wa katiba, mipango hii miwili ilikuwa ya ukoo mmoja: yote iligawa mamlaka baina ya serikali ya juu na serikali za sehemu. Kwa msikilizaji wa Kiswahili ilikuwa kama maji na moto, kwa sababu mmoja uliitwa kwa jina la kuunganisha na wa pili kwa jina la kugawanya. Hivyo mtu aliweza kulisifu shirikisho na kuyalaani majimbo katika hotuba moja, asionekane kujipinga.

Sarufi nayo ilichangia. Kiswahili kina desturi ya kuziita itikadi na mifumo kwa nomino za dhahania zenye kiambishi u-, kama ujamaa, ubepari na umoja. Umajimbo lingeweza kuundwa kwa kanuni hiyohiyo, lakini halikupata mizizi. Mahali pake pakashikwa na wingi wa jina la kitu: mtu hutaka majimbo au hayataki. Kwa njia hiyo sehemu zilipewa jina, na kile kinachoziunganisha hakikupewa. Mjadala wowote ulioendeshwa kwa istilahi hii ulianza na vipande, na mara nyingi uliishia hapohapo.

Mfumo wenyewe haukudumu. KADU ilijivunja Novemba 1964, Kenya ikawa jamhuri tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, mamlaka ya maeneo yakaondolewa hatua kwa hatua, na Seneti ikakoma mwaka 1966. Maeneo yakawa mikoa chini ya wakuu walioteuliwa na serikali kuu. Neno likabaki bila kitu cha kulitaja, na neno la namna hiyo hujazwa lolote. Mwaka 1991, wakati wa madai ya vyama vingi, baadhi ya wanasiasa walilifufua katika mikutano ya Bonde la Ufa, safari hii likiambatana na matakwa kwamba watu waliohesabiwa kuwa wageni warudi kwao. Mapigano ya kikabila yakafuata. Katika mazingira hayo majirani wa siku nyingi waliitwa madoadoa, yaani alama za kuondolewa ili nguo ibaki na rangi moja. Haitakuwa haki kudai kwamba neno majimbo ndilo lililowafukuza watu mashambani mwao. Ugomvi wa ardhi na tamaa ya madaraka vilitosha. Lakini swali la eneo hili ni la nani lilikuwa limekwisha kukaa ndani ya neno, likimngoja wa kulijibu kwa ubaya.

Yamkini msomaji atasema kwamba dosari basi ni ya neno jimbo lenyewe. Sivyo. Msikilizaji wa Nakuru hushtuka asikiapo majimbo yakidaiwa nchini mwake, lakini hashtuki hata kidogo redio itajapo jimbo la Kano. Neno ni lilelile. Kinachotisha ni historia liliyobebeshwa nyumbani, pamoja na kazi lisiyoiweza ya kuuita mfumo mzima.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliunda serikali 47 za sehemu, na Kiswahili kikazipokea kwa maneno mapya: kaunti na ugatuzi. Ni dhahiri kwamba maneno haya yalipendeza kwa kuwa hayakuwa na madoa ya zamani. Hata hivyo ugatuzi nao wahitaji kupimwa. Kitenzi gatua chahitaji mtenda, naye katika matumizi ya kawaida ni serikali kuu. Mamlaka hugatuliwa kutoka kwake, kana kwamba yalikuwa mali yake tangu awali. Sivyo isemavyo katiba hiyo. Kifungu cha 1 chasema kuwa mamlaka ni ya wananchi, nayo hutumika katika ngazi ya taifa na ya kaunti. Kifungu cha 6 chaziita serikali za ngazi hizo mbili kuwa tofauti na zenye kutegemeana. Gavana anayelalamika kwamba fedha za kaunti hutolewa kama sadaka anailalamikia, bila kujua, hata semantiki ya neno analolitumia kila siku. Majimbo lilitaja vipande bila kifungo. Ugatuzi wamtaja mtoaji na mpokeaji, lakini haukitaji kifungo.

Neno shirikisho, kwa upande wake, halikosi kasoro. Vyama vya wafanyakazi vina shirikisho, na mchezo wa kandanda una Kombe la Shirikisho, ambapo neno lataja jumuiya ya wanachama wanaobaki huru kabisa. Mwezi Mei 2017 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali kuanza na muungano legelege wa madola kama hatua ya kuelekea shirikisho la kisiasa, na hapo Kiswahili kikaonekana hakina neno moja lililokubaliwa la kuitofautisha hatua ya kwanza na ya pili.

Kwa hiyo waundao istilahi wangefanya vyema kutenga kazi za maneno haya. Shirikisho litumike kwa mfumo ambamo kila ngazi ina mamlaka yake kwa mujibu wa katiba. Jimbo libaki jina la sehemu tu. Ugatuzi uwe tendo la serikali kuu kukabidhi mamlaka yaliyo yake. Muungano legelege wa madola utafutiwe jina lake maalumu. Mpango wa Kenya wa mwaka 2010 umekaa kati ya la kwanza na la tatu, na mjadala juu yake hautaendelea mbele hadi wasemaji waweze kusema kwa Kiswahili ni upande upi unaotakiwa.