Tom Feelings na Uso wa Mtoto Mweusi Kitabuni

Kanga ina pindo, ina mji na ina jina. Asomaye jina peke yake hawezi kusema ameiona kanga. Hata hivyo ndivyo tufanyavyo wengi wetu tunapohakiki vitabu vya watoto: tunayapima maneno, tunaeleza dhamira na mafunzo, kisha tunakifunika kitabu bila kuitazama picha iliyochukua sehemu kubwa ya ukurasa. Lakini mtoto mdogo ambaye bado hajui kusoma huanza na picha. Yeye ndiye msomaji wa kwanza wa kitabu hicho, na picha ndiyo maandishi yake. Katika insha hii nakusudia kuitazama kazi ya mchoraji mmoja, Tom Feelings, Mmarekani Mweusi ambaye vitabu vyake viwili vinavyojulikana sana vilijengwa juu ya maneno ya Kiswahili.

Tom Feelings alizaliwa Brooklyn, katika jiji la New York, mwaka 1933. Alijifunza uchoraji jijini humo, akatumikia jeshi la anga la Marekani kuanzia 1953 hadi 1957, na aliporudi akachora katika gazeti la New York Age hadithi ya picha iliyomhusu mtoto aitwaye Tommy Traveler, ambaye kwa kusoma vitabu husafiri katika historia ya watu weusi. Baada ya hapo alizoea kutembea mitaani kwao na kuwachora watu kama walivyo: vibarazani, njiani, watoto wakicheza.

Siku hizo vitabu vingi vya watoto nchini Marekani vilikuwa na nyuso nyeupe tu, na uso mweusi ulipotokea, mara nyingi ulikuwa wa mtumishi au wa kuchekesha. Athari ya jambo hilo Feelings aliiona kwa macho yake. Katika kitabu chake Black Pilgrimage, kilichotoka mwaka 1972, anasimulia habari za mtoto wa kike, mweusi kama yeye, aliyezitazama picha za watoto weusi akasema kwamba hakuna kitu cheusi kilicho kizuri. Mwalimu na aisome habari hiyo polepole. Mtoto yule hakufundishwa maneno hayo darasani. Aliyafundishwa na picha alizoziona, na zaidi na picha ambazo hakupata kuziona. Naamini kwamba kazi yote ya Feelings, tangu hapo hadi kufa kwake mwaka 2003, ni jibu kwa mtoto huyo.

Mwaka 1964 alikwenda Ghana, akafanya kazi katika idara ya serikali ya uchapaji wa vitabu. Kwa mara ya kwanza alikaa katika nchi ambayo watu weusi walikuwa ndio wenyeji na ndio watawala. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba huko mistari yake ilianza kupata mwendo wa ngoma. Aliondoka mwaka 1966, mwaka ule ule ambao serikali ya Kwame Nkrumah ilipinduliwa. Baadaye, kuanzia 1971 hadi 1974, alifanya kazi na Wizara ya Elimu ya Guyana katika mpango wa vitabu vya watoto, akiwafundisha wachoraji vijana. Kati ya safari hizo mbili, mwaka 1968, alichora picha za To Be a Slave, kitabu cha Julius Lester kinachokusanya ushuhuda wa waliokuwa watumwa.

Sasa tuvitazame vitabu vinavyotuhusu. Maneno yake yaliandikwa na Muriel Feelings, aliyekuwa mke wa mchoraji, ambaye alipata kufundisha sanaa nchini Uganda. Moja Means One, cha 1971, kinafundisha hesabu kuanzia moja hadi kumi. Jambo Means Hello, cha 1974, kinafundisha alfabeti kwa maneno 24, kwa kuwa Kiswahili hakina haja ya herufi Q na X. Vyote viwili vilipata heshima ya Caldecott, iliyo daraja la pili baada ya tuzo yenyewe, mwaka 1972 na 1975. Na Feelings anahesabiwa kuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuipata.

Mtu aliyezoea vitabu vya watoto vyenye rangi kali atashangaa. Humu hamna rangi nyekundu wala samawati. Mna weusi, weupe, kijivu na wekundu hafifu wa udongo, na mwanga unaotoka kama mwanga wa alfajiri penye ukungu. Uchache huo wa rangi una maana. Mchoraji anayamaliza maarifa yake yote kwenye ngozi na nyuso, hata weusi, ambao yule mtoto wa Brooklyn aliudharau, unakuwa ndio chimbuko la nuru ya picha. Tena hesabu yake si ya maembe na vijiti. Moja ni mlima Kilimanjaro, na nyingi kati ya idadi zinazofuata ni vipande vya maisha ya watu. Katika kitabu cha pili, A ni arusi, H ni heshima, na U ni uzuri. Neno alilolikana mtoto yule limepewa ukurasa wake, na limeandikwa kwa Kiswahili.

Hata hivyo mhakiki hana budi kusema kweli hata kwa ampendaye. Jina la kitabu cha pili linamfundisha mtoto kwamba ‘jambo’ ni salamu. Sisi twajua kwamba jambo ni shauri au tukio, na kwamba waungwana husema ‘hujambo’ na kujibiwa ‘sijambo’. Salamu iliyokatwa kichwa ni salamu ya mgeni, na mwalimu atakayekitumia kitabu hiki yampasa aeleze hivyo. Jambo la pili ni zito zaidi. Afrika ya Mashariki ya vitabu hivi ni ya kijiji, soko na ngoma. Ni Afrika iliyotamaniwa kutoka mbali, nayo haituonyeshi vya kutosha bandari, reli na viwanda ambavyo miaka hiyo vilikuwa sehemu ya maisha yetu vilevile.

Yawezekana mtu akauliza: kwa nini Kiswahili, hali wengi wa mababu wa Wamarekani Weusi walitoka Afrika ya Magharibi na ya Kati? Jibu ni kwamba miaka ile walitafuta lugha isiyokuwa ya kabila moja, nao waliiona katika Kiswahili. Hata sikukuu yao ya Kwanzaa, iliyoanzishwa mwaka 1966, ina maneno ya Kiswahili. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini hawa hawakuiacha asili, walipokonywa. Basi na tusiwacheke wanapokosea salamu. Aliyepotezwa njiani hubisha hodi kwa sauti aliyo nayo, na wajibu wa mwenyeji ni kumkaribisha kwanza, kisha amsahihishe.

Feelings alikuwa na jibu moja zaidi la kutoa. Rafiki yake wa Ghana alimwuliza ni mambo gani yaliyowapata watu wale baada ya kuchukuliwa. Alitumia kiasi cha miaka 20 kujibu. The Middle Passage, kilichotoka mwaka 1995, ni msururu wa picha za weusi na weupe zinazoonyesha safari ya watumwa kuvuka bahari ya Atlantiki. Baada ya utangulizi hakuna maneno. Mwanafunzi wa Bagamoyo au wa Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, ataisoma safari ile bila mkalimani, japo bahari yake ni nyingine.

Kutokana na hayo tunapata mafunzo mawili. Kwanza, Ghana na Guyana, nchi changa zisizo tajiri, ziliona kwamba mchoraji wa vitabu vya watoto ni mtumishi wa taifa kama mwalimu na mganga, nazo zikamwajiri. Pili, kusoma picha hufundishika. Mwalimu na afunike maneno ya kitabu cha watoto, awaulize wanafunzi: nani yuko katikati ya picha, nani yuko pembeni, nani hayumo kabisa? Kisha awaulize jina la mchoraji. Iwapo halikuandikwa mahali popote, darasa litakuwa limegundua kasoro ya kwanza ya kitabu hicho.