Maneno Mawili: Si Salama

Zamani mwongozo wa lugha ya Python ulisema kwamba moduli ya pickle haikukusudiwa kuwa salama dhidi ya data mbovu au iliyotengenezwa kwa nia mbaya. Leo unasema: si salama. Kila nikizilinganisha kauli hizo mbili, namheshimu zaidi aliyeshika kalamu.

Kauli ya kwanza haikuwa ya uongo. Ila "haikukusudiwa" inasimulia nia ya waliounda, na msomaji mwenye haraka hujipatia upenyo humo: haikukusudiwa, lakini huenda inatosha. Ya pili inasema kitu chenyewe kilivyo.

Pickle maana yake achari, na kazi yake ni kuhifadhi: vitu vya programu hugeuzwa mfululizo wa baiti, vikafunguliwa siku nyingine vikiwa vilevile. Lakini baiti hizo si picha ya vitu. Ni maagizo, hatua kwa hatua, ya kuvijenga upya, na agizo mojawapo linaloruhusiwa ni kuita fanksheni. Mwenye hila akikutumia faili linaloita fanksheni ya kuendesha amri za mfumo, kompyuta yako itatii papo hapo, faili likiwa bado linafunguliwa. Ndiyo maana ushauri wa "fungua, kisha kagua", ambao masikioni una busara tele, ni kosa la kufutwa bila huruma. Ukianza kukagua, mwizi keshatoka na mali.

Mwongozo huohuo unapendekeza kutia data saini kwa hmac, na hapa kila neno linapimwa. Saini huthibitisha kwamba mzigo haukuguswa tangu ulipotoka kwa mwenye ufunguo wa siri. Haimgeuzi mgeni kuwa mwaminifu. Kwa data ya usiyemjua, unaelekezwa kwenye miundo kama JSON, inayobeba maandishi, namba na orodha, bila amri za kutekelezwa.

Sahihisho ninalolipenda kupita yote liko kwenye mwongozo wa lugha ya PHP. Tangu toleo la 7.0, la mwaka 2015, fanksheni yake ya kufungua data iliyohifadhiwa, unserialize, hupokea orodha ya klasi zinazoruhusiwa. Msomaji angeshusha pumzi. Lakini onyo linamfuata: usiipe data ya usiyemwamini, hata orodha hiyo uiwekeje. Aliyeandika hivyo alikwisha kumwona msomaji akikuta mlango umefungwa na kuanza kutafuta dirisha.

Halafu kuna mifano ya msimbo. Watu huinakili kabla hawajasoma onyo hata moja, kwa hiyo mwongozo unaoonya vizuri kisha ukaonyesha, kwa kufungua data ya YAML, yaml.load pale panapohitaji yaml.safe_load iliyo salama, umefundisha hatari kwa mkono wake. Mimi nikipewa ukurasa wa kusahihisha, huanzia kwenye mfano. Aya nazirudia baadaye.